Mtoto Amelala, Mzazi Anakesha
Somo kwa wakatekumeni wenye mtoto mchanga

Mchana mama mwenye mtoto mchanga ana kazi nyingi, na kazi humsahaulisha hofu. Lakini usiku, moto ukiisha kuzimika na kijiji kikinyamaza, hofu huja. Mtoto akilia, mama huogopa ugonjwa. Mtoto akinyamaza, huogopa zaidi. Huweka sikio karibu na pua yake apate kusikia kama anapumua. Baba naye, ingawa hasemi neno, yu macho gizani. Wazazi wengi huona haya kuisema hofu hiyo mbele ya watu, kana kwamba ni alama ya imani haba. Basi, inafaa wakatekumeni wajue hofu hiyo ni kitu gani, ni kazi gani impasayo mzazi, na ni jambo gani impasalo kumwachia Mungu.

I. HOFU HII SI DHAMBI

Kumwogopea mtoto si dhambi. Mungu mwenyewe ametia upendo moyoni mwa baba na mama, na apendaye huogopa kupoteza.

Maandiko Matakatifu yanajua hatari za usiku. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 3, kinaeleza habari ya wanawake wawili waliokaa nyumba moja, kila mmoja na mtoto wake mchanga. Usiku mmoja wao alimlalia mtoto wake katika usingizi, mtoto akafa. Ndipo alipomwiba mtoto wa mwenziwe, na kesi ikafika mbele ya mfalme Solomoni. Watu wote hukumbuka hekima ya mfalme, lakini wengi husahau mwanzo wa habari. Katika nyumba ile Maandiko hayataji mlozi wala uchawi. Mama alilala usingizi mzito, ndiyo sababu yote.

Tena kitabu cha Kutoka, sura ya 2, kinaeleza habari ya mama wa Musa. Farao aliamuru watoto wa kiume wa Waebrania wauawe. Mama yule alimficha mwanawe miezi mitatu. Alipoona hawezi tena, alimtia katika kikapu cha mafunjo, akamweka kando ya mto. Lakini kabla ya kumweka majini alikipaka kikapu lami, ili maji yasiingie; na dada wa mtoto akasimama mbali kuangalia. Mama huyo alimtumaini Mungu kabisa, wala hakusema: «Mungu atazuia maji, ya nini lami?» Alifanya kwanza yote ambayo mikono yake iliyaweza, kisha akaachia.

Hivyo hivyo Mtakatifu Yosefu. Malaika alimwambia usiku katika ndoto kwamba Herode anamtafuta Mtoto Yezu. Yosefu akaamka usiku ule ule, akamchukua Mtoto na Mama yake, akaenda Misri. Mungu ndiye aliyemtuma malaika, lakini miguu iliyotembea ilikuwa ya Yosefu.

Hii ndiyo kanuni ya somo hili: kupaka lami kwanza, kisha kumwachia Mungu.

II. KAZI YA MIKONO YA MZAZI

Mzazi apaka lami hivi:

1. Mtoto alazwe chali kila mara, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka mmoja. Asilazwe kifudifudi wala ubavu. Tangu miaka ya 1990, katika nchi kadhaa ambazo wazazi walifundishwa hivyo, vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu.

2. Alale mahali pagumu na sawasawa, karibu na mama, lakini ikiwezekana juu ya mkeka au kitanda chake mwenyewe. Kusiwe na mto laini, wala rundo la nguo karibu na uso wake. Nguo isimfunike kichwa. Kama nyumba ina mkeka mmoja tu, mtoto alale upande wa mama, asilale katikati ya baba na mama, wala kati ya ndugu zake.

3. Mtu aliyekunywa pombe asilale kabisa pamoja na mtoto mchanga, kwa maana usingizi wake ni mzito, hasikii. Wala mtu asivute tumbako ndani ya nyumba ya mtoto.

4. Makaa ya moto yasiachwe yakiwaka katika nyumba iliyofungwa, hata kama baridi ni kali. Hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu wote walio ndani wakiwa usingizini.

5. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, kwa sababu mbu aletaye malaria huuma usiku.

6. Anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, tena apelekwe kuchanjwa siku zote zilizoagizwa.

Mzazi ajue pia kwamba mtoto mchanga hapumui kama mtu mzima. Pumzi yake huenda mbio, kisha hutua kidogo, hata sekunde 5 au 10, kisha huanza tena. Hiyo ni desturi ya watoto wachanga, si ugonjwa. Lakini akikataa kunyonya, akiwa na homa au mwili wa baridi, akishikwa na degedege, akilegea asiamke, mbavu zikizama ndani anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi ya buluu, au, akiwa hajatimiza miezi 2, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja hali ametulia, hapo wazazi wasingoje asubuhi. Wampeleke katika kituo cha afya usiku ule ule, kama Yosefu alivyoamka usiku ule ule.

III. KAMBA SHINGONI

Tuseme mkatekumeni mmoja amepata mtoto wake wa kwanza. Bibi wa mtoto analeta kamba yenye dawa kutoka kwa mfumu, anataka ifungwe shingoni mwa mtoto ili mlozi asimkaribie usiku. Mama wa mtoto anaogopa kukataa, kwa maana huyo ni mama mkwe wake, tena usiku hofu inamwambia: «Labda itasaidia.» Baba anakwenda kwa katekista.

«Mwalimu, tufanye nini? Tukiikataa kamba, na mtoto akafa, watasema sisi ndio tuliomwua.»

Katekista anamjibu: «Mwanangu, usimtukane mama yako. Ameleta kamba kwa upendo. Lakini kamba haina macho ya kukesha wala masikio ya kusikia mtoto akilia. Tena usiku inaweza kukaza shingo ya mtoto. Kitu mlicholetewa cha kumlinda chaweza kumwua.»

«Basi, Mwalimu, tumvike medali ya Bikira Maria mahali pake?»

«Medali ni nzuri, lakini isifungwe shingoni mwa mtoto anayelala, wala rozari. Zitundikeni ukutani, mbali na mikono yake. Medali si dawa yenye nguvu yake yenyewe, yatukumbusha kuomba.»

Kisha katekista anakwenda mwenyewe kumwamkia bibi kwa heshima, na kumwomba neno moja: kwamba usiku aamke sehemu ya kwanza na kumwangalia mtoto, ili mama apate kulala. Yule bibi aliyeleta kamba sasa anapewa kazi ya kweli. Macho yake ni ulinzi bora kuliko kamba.

Mkatekumeni aangalie neno hili. Siku ya Ubatizo atamkataa Shetani na kazi zake zote. Mtu asiyeiacha kamba ya mfumu leo, atasemaje neno hilo siku ile? Tena mtoto akiugua, mfumu mara nyingi humtaja mtu: shangazi, jirani, mke mwenza, mjane maskini. Hapo hofu ya usiku huwa chuki ya mchana, na mtu asiye na kosa hufukuzwa kijijini. Kumsingizia mtu ulozi ni dhambi kubwa.

IV. HOFU YA KUFA BILA UBATIZO

Wakatekumeni wana hofu nyingine: «Mtoto wetu akifa usiku, naye hajabatizwa?»

Wazazi wasikae na hofu hiyo moyoni. Sheria ya Kanisa yataka wazazi wabatizishe watoto katika majuma ya kwanza. Wakatekumeni nao wamwone padri mapema, hata kabla mtoto hajazaliwa. Wazazi kuwa bado katika mafundisho hakumzuii mtoto kubatizwa, kama kuna tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani.

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, abatizwe bila kukawia. Kama padri wala shemasi hayupo, mtu yeyote aweza kubatiza: katekista, mkunga, baba, mama, hata mtu ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi akusudie kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Achukue maji ya kweli, ya kisima, ya mto au ya mvua, ayamimine juu ya kichwa cha mtoto, na yeye mwenyewe anayemimina aseme wakati huo huo: «(jina la mtoto), mimi ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.» Kisha wampeleke mbio katika kituo cha afya, na baadaye wampashe padri habari, ili Ubatizo uandikwe. Mtoto akipona, harudiwi kubatizwa. Ataletwa kanisani kwa sherehe zilizobaki.

Na kama mtoto amekufa kabla mtu hajawahi kumbatiza? Kanisa lamkabidhi kwa huruma ya Mungu, atakaye watu wote waokoke, na kwa upendo wa Yezu, aliyewaita watoto wadogo waje kwake. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa maandishi, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ikieleza kwamba tuna sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto hao. Askofu aweza pia kuruhusu mtoto huyo azikwe kwa ibada ya Kanisa, kama wazazi walikusudia kumbatizisha. Wazazi walie, kwani Yezu naye alimlilia Lazaro. Lakini walie wakitumaini.

V. KUMWACHIA MUNGU

Kuna usiku ambapo mzazi amekwisha fanya yote. Mtoto amelazwa chali, chandarua kimefungwa, makaa yametolewa nje, naye bado hapati usingizi. Hapo kazi ya mikono imekwisha. Zaburi ya 121 yasema kwamba Mlinzi wa Israeli hasinzii. Basi mzazi aweza kulala, kwa kuwa yuko mwingine akeshaye. Yezu naye alifundisha kwamba malaika wa watoto wadogo huona daima uso wa Baba mbinguni. Baba na mama wapeane zamu, kwani mama asiyelala kabisa hushikwa na usingizi mzito akiwa na mtoto kifuani, na hiyo ni hatari kuliko zote.

Nyakati nyingine mtoto mzima hufa usingizini, na hata waganga wa hospitali hawaoni sababu. Mtu asimlaumu mama yake, wala asimtafute mlozi. Wakristo waende kukaa naye, wamchotee maji, wampikie, wasali pamoja naye.

MASWALI NA MAJIBU

Je, kumwogopea mtoto usiku ni dhambi?
Hapana. Ni alama ya upendo. Dhambi ni kuipeleka hofu hiyo kwa mfumu, au kumsingizia jirani.

Mtoto mchanga alazwe namna gani?
Chali, mahali pagumu, uso wazi, ndani ya chandarua, bila kitu chochote shingoni.

Nani aweza kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa?
Mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hufanya.

Mzazi akiisha kufanya yote, afanye nini?
Amkabidhi mtoto kwa Mungu, alale.

KUSUDI LA JUMA HILI

Leo jioni baba aangalie mwenyewe mahali pa kulala mtoto, aondoe kila kitu chenye hatari. Kisha baba na mama wamwekee mtoto ishara ya msalaba katika paji la uso, waseme pamoja: «Ee Bwana, umetupa mtoto huyu. Tumefanya tuliyoyaweza. Mlinde usiku huu wewe usiyelala, utupe na sisi usingizi wa amani. Amina.»