Kabla Mguu wa Bandia Haujafika

Wadogo zangu, leo kona yetu nampa mmoja wenu wa Igombe, Mwanza, muuza dagaa wa pale mwaloni. Bodaboda ilimgonga, mguu ukakatwa chini ya goti, kidonda sasa kimefunga. Swali lake ni moja: mguu wa bandia ataupata lini ili arudi kuwa mtu?

Mdogo wangu, hilo la “kurudi kuwa mtu” lifute kabisa. Mtu ulikuwa, na mtu ungali. Tuzungumze kujitegemea, maana mguu wa bandia peke yake haukuletei hilo. Kujitegemea kunaanza leo, ukiwa na magongo yako mawili na kigutu chako.

Wala usidhani ni wewe tu. Utafiti wa Hospitali ya Bugando uliochapishwa 2012 uliwafuatilia wagonjwa 162 waliokatwa viungo. Karibu 42 katika kila 100 walifikishwa huko na vidonda vya kisukari, na 38 na ajali na majeraha. Hapa Kanda ya Ziwa mna wenzako wengi, ila wengi wamefungiwa ndani kwa huruma.

Tuanze na kigutu, kwa sababu umbo lake ndilo litakaloamua kama mguu wa bandia utakukaa. Mwambie mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe kufunga bandeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba nane: ikaze zaidi nchani, ilegee kadiri inavyopanda. Ukiizungusha duara tupu inakaba damu na kigutu kinavimba. Ikilegea, ifungue uifunge upya, hata mara nne kwa siku. Kwa mwenye kisukari, daktari aruhusu kwanza.

Halafu kuna mto. Shangazi atakuja nao auweke chini ya goti ili upumzike vizuri. Mshukuru, kisha uutoe. Goti linaloshinda limekunjwa hukakamaa, na likishakakamaa hutasimama vizuri juu ya mguu wowote. Ukikaa, linyooshe. Asubuhi na jioni lala kifudifudi dakika 20 hivi, nyonga nazo zinyooke.

Najua pia kuna usiku ambapo kidole gumba kisichokuwepo kinawasha, au kisigino kinachoma mpaka unalia. Hujarogwa, na wala si kwamba mguu ulizikwa vibaya. Ubongo bado unaukumbuka mguu ule na unaendelea kupokea habari zake. Kisuguesugue kigutu taratibu, kwanza kwa kitambaa laini, siku nyingine kwa taulo. Wengine husaidiwa na kioo: unakisimamisha katikati ya miguu, unautazama mguu mzima ndani yake na kuuchezesha polepole, ubongo uone miguu miwili. Njia hii ilianza kutangazwa miaka ya 1990 na daktari V. S. Ramachandran kule Marekani, na kioo cha dukani kinatosha. Maumivu yakizidi, mwambie daktari. Dawa zake zipo.

Sasa magongo. Uzito ubebwe na viganja, si makwapa. Kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, la sivyo mikono itakufa ganzi. Tazama raba za chini kila wiki, zikilika badilisha, maana Mwanza yetu ni mawe matupu. Ukipanda ngazi za Mabatini au Igogo, mguu mzima utangulie, magongo yafuate. Ukishuka, magongo yatangulie, mguu ufuate. Kwenye mchanga wa mwalo magongo huzama, kwa hiyo pita pale ulipolowa na kushikana, ila jihadhari na mawe yenye utelezi. Na usiku, kabla hujainuka kwenda msalani, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Wengi huanguka saa hizo, usingizi umewasahaulisha kwamba mguu haupo. Magongo na tochi vilale pale mkono unapofika.

Nyumba nayo ibadilike kidogo. Stuli bafuni. Kiti kilichotobolewa katikati juu ya choo cha shimo, na nguzo ya kushikia ukutani. Jiko lipandishwe juu ya meza imara ili usipikie chini. Fundi seremala wa mtaani anaweza vyote hivi.

Hapa nawageukia ndugu. Mama, kaka, shemeji, nisikilizeni. Mnamfulia, mnampakulia, mnamchotea maji, mnamjibia hata maswali ya wageni. Mnampenda, sikatai, lakini mnamfanya mgeni nyumbani kwake. Akianza kusonga ugali akiwa amekaa na ukatoka na mabuja, kuleni hivyohivyo. Akianguka, msimrukie, muulizeni kwanza kama ameumia, kisha ajaribu kuinuka mwenyewe mkiwa karibu. Kuinuka kutoka chini ni somo, na huwezi kulisoma mikononi mwa watu wanne.

Anayebisha kwamba magongo matupu hayamfikishi mtu popote nimkumbushe Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka la wenye ulemavu. Mwaka 2022 walicheza Kombe la Dunia nchini Uturuki wakafika robo fainali. Katika mchezo ule wachezaji wa ndani hukimbia kwa mguu mmoja na magongo. Mguu wa bandia hauruhusiwi uwanjani.

Haya, na mguu wenyewe? Utafute, tena kwa bidii. Anzia kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya Bugando au Sekou Toure, uulize kuhusu karakana ya viungo bandia. Ukielekezwa mbali, hospitali ya KCMC, Moshi, wako TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na Dar es Salaam ziko hospitali za CCBRT na MOI. Kabla hujapanda basi, piga simu uulize gharama, siku za kukaa na mahali pa kulala. Watachukua umbo la kigutu kwa plasta, na ndipo utakapoona faida ya bandeji yako.

Ukiupata, usiuvae kutwa siku ya kwanza. Vaa saa moja, vua, kague ngozi. Wekundu unaokaa bila kufifia, au lengelenge, ni taarifa: rudi kwa fundi. Kigutu hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Utaongeza soksi, na baadaye kile kikombe kinachokishika kitabadilishwa. Mguu unaokwaruza halafu ukatupwa uvunguni ni nauli iliyopotea. Wenye kisukari, mguu uliobaki ndio mtaji: uoshe, ukaushe katikati ya vidole, utazame unyayo kila jioni, na peku marufuku.

Kazi nayo usiisubirishe. Kupima, kupanga bei na kupokea hela hufanywa kwa kukaa. Magunia yabebwe na kijana unayemlipa. Mtaji ukiwa mdogo, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii Ilemela ukaulizie mikopo ya halmashauri: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Waulizie na CHAWATA, chama cha watu wenye ulemavu; utawapata wanaojua njia kwa sababu wamezipita.

Kwa hiyo wiki hii nataka mambo matatu. Jifunge bandeji mwenyewe. Pika mlo mmoja, nyumba nzima ile. Nenda mwaloni ukakae hata saa moja kwenye meza yako, ujue bei ya dagaa imefika wapi. Kisha niandikie, na barua ianze na bei hiyo; ya mguu utanieleza chini.