SOMO LETU: Risasi Katika Mifupa ya Akina Nyanya



Presha na sukari zimekuwa mazungumzo ya kila siku katika vikundi vya akina mama hapa Butula. Nyanya akianza kuugua, watu husema ni uzee, ni mawazo mengi, ama kuna mtu amemtazama kwa jicho baya. Chakula, unene na ukoo vina sehemu yao. Lakini kuna jambo lingine ambalo hatuliongei sana: madini yanayoingia mwilini kidogo kidogo. Leo tusome juu ya risasi.

RISASI NI NINI?

Hatusemi ile ya bunduki. Ni madini laini, mazito, ya kijivu, yaliyo ndani ya betri ya gari. Mwili hauna kazi nayo hata kidogo. Hupandisha presha na kuharibu figo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

KWA NINI MAMA MZEE?

Mwili huificha risasi ndani ya mifupa. Kwa mtu mzima, zaidi ya sehemu 90 kwa 100 hukaa humo miaka mingi. Mama akikoma hedhi, mifupa huanza kupungua, na ile risasi hurudi kwenye damu. Basi kilichoingia akiwa msichana chaweza kumsumbua akiwa nyanya.

Na sukari je? Huko Marekani wataalamu walifuatilia wanawake zaidi ya 1,200 wa miaka 45 hadi 56, tangu 1999 hadi 2016. Waliokuwa na risasi au aseniki nyingi katika mkojo walipata sukari zaidi kuliko wenzao. Hii haisemi kwamba kila mwenye sukari amekula risasi. Inasema tujihadhari.

INAINGIAJE NYUMBANI?

1. Betri kuukuu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi, watoto na wazee. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hapa kwetu, betri iliyokufa huachwa nyuma ya nyumba, ama vijana huivunja.

2. Sufuria za vyuma vya kuyeyusha. Fundi huchanganya vipande vya injini na mabati bila kujua kilichomo. Uchunguzi wa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10. Vyombo 15 vilitoa risasi vilipochemshwa na kitu kichachu.

3. Odowa. Udongo huu wa kula umepimwa sehemu nyingi za Afrika na kukutwa na risasi. Tena hupunguza damu, na mwenye upungufu wa damu hunyonya risasi haraka zaidi.

TUFANYE NINI?

- Betri iuzwe nzima. Isivunjwe wala kuyeyushwa bomani, na watoto wasiichezee.
- Uji mchachu, maziwa lala na nyanya za kupika visilale katika sufuria ya jua kali. Hamishia kwenye chombo cha stenlesi au cha plastiki cha chakula. Kikundi kikinunua vyombo vya pamoja, kiangalie jambo hili.
- Anayetamani odowa asichekwe. Apelekwe kituoni apimwe damu. Wasichana wafundishwe mapema.
- Tule omena na mifupa yake, maharagwe, maziwa na mboga za kienyeji. Chokaa na madini ya chuma yaliyomo huzuia risasi isinyonywe sana.
- Kila mama wa miaka 40 na kuendelea apimwe presha na sukari. Tangu 2023 wahudumu wa afya wa vijijini walianza kupewa mikoba yenye vifaa hivyo. Mwalikeni wenu siku ya mkutano.
- Mwenye dawa za presha au sukari asiziache. Dawa za "kusafisha damu" zinazouzwa sokoni haziondoi risasi kwenye mifupa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nyumba ngapi katika kikundi chetu zina betri kuukuu, na zimewekwa wapi?
2. Sufuria zetu zilitengenezwa wapi?
3. Nani kati yetu hajapimwa presha mwaka huu? Tutampeleka lini?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na siku ya mkutano ujao myasome tena mwone kilichofanyika.