Kabla ya Bata Mzinga: Vidokezo vya Mbio Fupi za Sikukuu

Alhamisi ya nne ya Novemba ni Sikukuu ya Shukrani nchini Marekani, siku ya bata mzinga na meza ndefu za jamaa. Ndiyo pia siku inayotoa wakimbiaji wengi barabarani kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka nchini humo. Kabla jiko halijapata moto, watu wameshavaa raba na kwenda kukimbia kilomita 5, 8 au 10. Walio wengi si wanariadha. Ni walimu, madereva, wauguzi, mabibi na wajukuu wao. Mbio za Buffalo, katika jimbo la New York, zilianza mwaka 1896 kwa wakimbiaji sita tu, miezi michache kabla ya Boston Marathon ya kwanza, na hadi leo zinakimbiwa. Tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wao, Atlanta hufunga barabara ya Peachtree kwa ajili ya umati wa makumi ya maelfu ya wakimbiaji.

Mimi ni mkimbiaji wa ridhaa, na mbio hizi nilizipenda nilipokuwa ninaishi ugenini. Waswahili wengi sasa wako katika miji hiyohiyo: Wakongo na Warundi wa Buffalo, Wakenya wa Atlanta, Watanzania waliotapakaa kila jimbo. Wengi wao huzitazama mbio hizi dirishani. Haya ndiyo ninayowaambia ndugu na marafiki wanaotaka kushuka barabarani, na yote yanazunguka jambo moja: ichunge kilomita ya kwanza.

1. Jiandikishe mapema, na namba uichukue kabla ya siku yenyewe.
Ada hupanda kadiri siku inavyokaribia, na mbio kubwa hujaa. Waandaaji wengi hugawa namba siku moja au mbili kabla. Nenda wakati huo. Asubuhi ya sikukuu foleni ni ndefu, na baridi ya Novemba haina subira na mtu aliyesimama.

2. Ibandike namba kifuani kwa pini nne, usiikunje, usiifunike kwa koti.
Nyuma yake kuna chipu inayosomwa na mitambo ya kwenye mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Ukiifunika, huenda muda wako usionekane kabisa.

3. Vaa kwa ajili ya kilomita ya pili.
Buffalo mwezi Novemba hewa huwa karibu na nyuzi sifuri, na mtu wa Pwani akitoka mlangoni hutamani kuvaa kabati zima. Kanuni ya wakimbiaji ni hii: vaa kana kwamba kuna joto la nyuzi kumi zaidi ya zile zilizopo. Ukiwa umesimama utasikia baridi, ukikimbia utakuwa sawa. Glavu na kofia ni muhimu kuliko koti, maana ni rahisi kuzivua na kuzitia mfukoni. Chukua pia sweta kuukuu la kuvaa unaposubiri. Mbio nyingi hukusanya nguo zinazoachwa mwanzoni na kuwapa wenye shida.

Julai mambo hugeuka. Atlanta ina joto la unyevunyevu linalofanana na la Tanga au Mombasa, ila huko unatakiwa ukimbie ndani yake. Waandaaji wa Peachtree huonyesha hali ya hewa kwa rangi, kuanzia kijani hadi nyeusi. Rangi inapopanda kuelekea nyekundu, sahau saa yako na upunguze mwendo. Hilo si la kujadiliana.

4. Kula kitu ulichokizoea, saa mbili hivi kabla.
Kilomita 5 au 8 hazihitaji sahani ya wali. Kipande cha mkate, ndizi, na chai kama ndiyo desturi yako, vinatosha. Asubuhi ya mbio si wakati wa kujaribu vinywaji vya nguvu unavyogawiwa bure karibu na mstari.

5. Mbio zikiwa fupi, kupasha mwili moto kunapaswa kuwa kurefu.
Wengi hudhani kinyume chake. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kutumia kilomita za mwanzo kuamsha miguu, lakini wewe wa kilomita 5 huna nafasi hiyo. Tembea haraka, kisha kimbia taratibu kwa dakika kumi, malizia kwa michomoko miwili mitatu mifupi. Kunyoosha misuli ukiwa umesimama tuli, tena kwenye baridi, kuache hadi umalize.

6. Simama mahali pako.
Mbio za sikukuu zina watu ambao hukimbia mara moja tu kwa mwaka. Hili ndilo pambo lake na ndiyo hatari yake. Watoto hujipenyeza mbele, wakatoka kama risasi, na baada ya mita mia mbili wakasimama ghafla katikati ya barabara. Wapo waliovaa vichwa vya bata mzinga ambao hawaoni pembeni. Kuna wenye vigari vya watoto, kuna marafiki watano wanaotembea bega kwa bega.

Kwa hiyo tazama mabango ya kasi yaliyowekwa kandokando ya eneo la kuanzia na usimame kwenye kasi yako ya kweli. Mabango mengi huandikwa kwa maili, na maili moja ni kilomita 1.609. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika 6 atatumia dakika 9 na sekunde 39 kwa maili. Fanya hesabu hiyo nyumbani. Ukiwa unatembea, au unasukuma kigari mahali ambapo sheria zinakiruhusu, kaa nyuma kabisa, na mkishaanza kaeni upande wa kulia. Aliye nyuma yako naye ameacha kitanda chake asubuhi hiyo, anastahili njia.

Peachtree wamelimaliza tatizo hili kwa makundi: kila kundi huanza kwa wakati wake, na wanaotaka makundi ya mbele huonyesha ushahidi wa muda waliowahi kukimbia. Ni utaratibu wa haki, na ningependa waandaaji wa mbio zetu za Dar es Salaam na Nairobi nao waukaze.

7. Kilomita ya kwanza iende polepole kuliko unavyotamani.
Hapa ndipo mbio nyingi huharibika, nami nataka tukae kidogo.

Mlio wa kuanzia unapopigwa, mwili huhitaji dakika moja au mbili hivi kuongeza kazi ya moyo na mapafu hadi ilingane na kazi ya miguu. Katika muda huo miguu hutumia akiba iliyomo kwenye misuli, na kwa kuwa pumzi bado haijabana, mtu hujiona mwepesi. Ongeza muziki, shangwe za watu na wenzako wanaokupita pande zote, na utajikuta unakimbia kasi ambayo si yako. Deni huja kilomita ya pili. Kifua hukaza, mapaja huwa mazito, na kilomita tatu zilizobaki zinakuwa adhabu.

Chukua mfano wa mtu anayelenga kumaliza kilomita 5 kwa dakika 30. Wastani wake ni dakika 6 kwa kila kilomita. Akipita bango la kilomita ya kwanza kwa dakika 6 na sekunde 10, yuko vizuri sana: hizo sekunde 10 atazirudisha bila shida mwishoni. Akilipita kwa dakika 5 na sekunde 20, atazilipa sekunde hizo 40 zaidi ya mara mbili. Nimewaona wengi wakitupita mwanzoni kwa kishindo, na nimewakuta mbele wakiwa wameshika viuno. Mwenda pole hajikwai, walisema wazee, na barabarani maneno hayo ni ya kuchukuliwa vilevile yalivyo.

Kipimo changu ni mazungumzo. Katika kilomita ya kwanza uweze kumwambia mwenzako sentensi nzima. Katikati maneno mawili matatu. Kilomita ya mwisho usiongee na mtu.

8. Uliza kilima kiko wapi.
Waandaaji hutoa ramani ya njia, na wachache huisoma. Mbio za Manchester, mji wa jimbo la Connecticut, zilizoanza mwaka 1927, zina urefu wa maili 4.748, karibu kilomita 7.6, na mlima wake wa mtaa wa Highland huwapokea wakimbiaji mapema, wakati bado wana furaha ya mwanzo. Peachtree ni kinyume: nusu ya kwanza hukushusha kwa upole, na mnapita kanisa kuu la St. Philip ambapo padri huwanyunyizia wakimbiaji maji ya baraka. Kisha, karibu na katikati ya njia, kinakuja kilima wanachokiita cha moyo, na juu yake ipo hospitali ya Piedmont. Waliokunywa mteremko wote kwa pupa hulipia hapo. Unapopanda, fupisha hatua, tazama mita chache mbele yako, na ukubali kasi ishuke. Pumzi ibaki ileile.

9. Kwenye meza za maji, pita za mwanzo.
Kila mtu husimama kwenye meza ya kwanza. Nenda hadi ya mwisho, bana mdomo wa kikombe ili maji yasikumwagikie puani, na usogee pembeni kama unataka kutembea ukinywa. Mwambie anayekupa "asante". Ameamka kabla yako.

10. Ukiitwa Mkenya, tabasamu na ushike mwendo wako.
Mtu mweusi mwenye lafudhi ya Afrika Mashariki akisimama kwenye mstari wa kuanzia Marekani, mara nyingi ataulizwa kama atashinda. Swali lina chanzo chake. Mkenya Joseph Kimani alimaliza Peachtree mwaka 1996 kwa dakika 27 na sekunde 4, na rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20. Mkenya mwenzake Paul Tergat alishinda mara tano mbio za Mtakatifu Silvester, zinazokimbiwa kila tarehe 31 Desemba mjini São Paulo, Brazili. Majina hayo ni fahari yetu sote, na kila nikitajiwa huyapokea kwa furaha.

Lakini najua ndugu wengi walioacha kujiandikisha kwa sababu hiyo tu. Wanaogopa kuonekana wa polepole, wakaliaibisha bara zima. Hili linaniuma. Kimani na Tergat walikuwa wakikimbia kilomita nyingi kila wiki kama kazi, wewe unatoka zamu ya usiku hospitalini. Una haki ileile ya barabara aliyonayo fundi bomba wa Buffalo anayemaliza kwa dakika 55. Pale Buffalo niliwahi kuvaa kofia ya bendera ya Tanzania, na kabla ya kumaliza nikasikia sauti ya mama mmoja kando ya njia: "Kaza, mwanangu, umefika!" Mama wa watu hakuuliza muda wangu.

11. Waje na dada zenu, na mama zenu.
Wanawake hawakuruhusiwa zamani. Mwaka 1961 Julia Chase, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19, aliingia katika mbio za Manchester ingawa sheria za riadha ziliwakataza wanawake kukimbia barabarani na wanaume. Alimaliza mbele ya wanaume kadhaa, na waandaaji hawakumwandika kwenye matokeo. São Paulo walifungua mlango kwa wanawake mwaka 1975, miaka 50 baada ya mbio za kwanza. Leo wanawake wamejaa katika mbio za Shukrani, na bado katika familia zetu dada huambiwa abaki jikoni asubuhi ya sikukuu ili sisi tukirudi tukute chakula. Tugawane jiko usiku wa kuamkia sikukuu, asubuhi twende wote.

12. Tofautisha saa mbili.
Matokeo huwa na muda wa tangu mlio na muda wa chipu, yaani tangu ulipovuka mstari mwenyewe. Katika umati mkubwa tofauti inaweza kuwa dakika nyingi. Zawadi za washindi mara nyingi hutolewa kwa muda wa mlio. Wako ni ule wa chipu. Uandike mahali, maana ndio wa kulinganisha mwakani.

13. Ukimaliza, endelea kutembea, kisha badili fulana.
Nguo iliyolowa jasho kwenye baridi huponza haraka. Peachtree fulana ya ukumbusho hutolewa kwa waliomaliza tu, na mchoro wake hufichwa hadi siku hiyo. Watu huivaa mjini mchana kutwa, na wana haki. Kuhusu chakula, mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 8 huunguza kalori 560 hivi, ambazo sahani moja ya sikukuu huzirudisha na ziada. Kwa hiyo usikimbie ili kulipia chakula. Kula kwa sababu ni sikukuu na umealikwa.

14. Mwaka ambao goti linauma, jitolee.
Waandaaji hutafuta watu wa kugawa maji, kuelekeza njia na kuvisha medali, na hawaulizi uzoefu. Ni njia nzuri pia kwa mgeni wa mji kufahamiana na majirani.

Mbio za Novemba hufungua uandikishaji miezi kadhaa kabla. Tafuta za mji wako wiki hii, mwandikishe na mtu mmoja wa nyumbani, kisha mwanze pamoja: dakika ishirini jioni, kutembea na kukimbia kwa zamu, mara tatu kwa wiki.