Deokhye, binti wa mwisho wa mfalme wa Korea

Wiki hii tunasoma habari za binti mfalme, lakini si yule wa "hapo zamani za kale". Huyu aliishi kweli, na alifariki mwaka 1989, wakati wengi wa wazazi wenu walikuwa bado watoto.

Deokhye alizaliwa Seoul tarehe 25 Mei 1912. Baba yake, Gojong, aliwahi kutawala Korea, lakini Wajapani walimlazimisha kuacha kiti cha enzi mwaka 1907, na mwaka 1910 wakaitwaa nchi nzima. Mtoto huyu wa uzeeni akawa faraja yake. Mwaka 1916 mzee alifungua chekechea ndani ya jumba la Deoksugung ili binti yake asome na wenzake.

Gojong alifariki ghafla mwaka 1919, na watu wengi waliamini kuwa alipewa sumu. Mwaka 1925, kabla hajatimiza miaka 13, Deokhye akapelekwa Japani kusoma. Hakuulizwa kama anataka. Inasimuliwa kwamba alikuwa akibeba maji yake mwenyewe shuleni, kwa kuogopa sumu. Mama yake alifariki mwaka 1929, na baada ya hapo Deokhye akaanza kuugua akili: usingizi ulimpotea, chakula hakikumbuki.

Mwaka 1931 aliozwa kwa bwana wa Kijapani, Sō Takeyuki, na mwaka uliofuata wakapata binti, Masae. Lakini maradhi yalizidi, akakaa miaka mingi hospitalini, na ndoa ikavunjika. Masae naye alipotea mwaka 1956, hakuonekana tena.

Korea ilikuwa imekombolewa mwaka 1945, ila serikali mpya haikutaka jamaa za mfalme warudi. Deokhye alirudi Januari 1962, miaka 37 tangu apelekwe. Inasemekana alilia alipofika, na ingawa alikuwa mgonjwa, adabu za jumba la kifalme alizofundishwa utotoni alizikumbuka vizuri. Aliishi katika jumba la Changdeokgung mpaka kufa kwake.

Leo Wakorea wanamkumbuka kwa riwaya na kwa filamu ya mwaka 2016. Mwaka 2015, makumbusho moja ya Tokyo ilirudisha Korea baadhi ya nguo zake za utotoni.

Sasa niseme kama muuguzi. Maradhi ya akili si aibu wala si laana. Ni maradhi, na yana matibabu. Mtoto aliyehamishwa nchi anaweza kubeba mzigo mzito kimya kimya. Wazazi, msiulize maksi tu. Ulizeni pia: "Unalala vizuri, mwanangu? Una rafiki wa kukaa naye?" Nanyi watoto, jambo likikusumbua, mwambie mtu mzima unayemwamini. Na lugha mnayojifunza hapa mkiwa wadogo msiidharau. Mliona wenyewe kilichombakia Deokhye.

Msamiati
kiti cha enzi: kiti cha mfalme, utawala wake
kuitwaa: kuichukua
faraja: kitu kinachotuliza moyo

Maswali ya nyumbani
1. Kwa nini Gojong alifungua chekechea?
2. Deokhye alikumbuka nini aliporudi?
3. Muulize babu, bibi au mzazi: ulipohama, ulikumbuka nini zaidi? Andika sentensi tano.