SOMO LA WIKI: Jiko la uani na bei ya nyumba Kibirizi

Mwenye nyumba wa Kibirizi akitaka kuuza hukimbilia kupaka rangi baraza. Kibiashara hilo ni kosa. Mnunuzi hukaa barazani dakika tano tu; kisha mkewe huomba kuonyeshwa uani, na hapo ndipo bei huanza kushuka.

Sababu inafahamika. Katika mwalo huu jiko ni ghala pia: magunia ya dagaa yanayosubiri bei, madumu ya mawese, mkaa. Kuta zina masizi ya miaka mingi. Mgeni akiinua macho na kuona weusi mtupu, hawezi kujua kama kenchi ni nzima au zimeliwa na mchwa. Asichokiona hukikisia, na makisio yake huwa ya kumlinda yeye, si muuzaji.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba imetajwa Sh. milioni 20. Mnunuzi anadai apunguziwe milioni moja kwa sababu ya jiko. Sabuni, chokaa, bati moja la kubadilisha na fundi wa siku mbili vingegharimu, tuseme, Sh. 150,000. Tofauti hiyo ni ya muuzaji. Lakini asivuke mpaka: akiweka vigae vya milioni tatu, fedha hizo hazirudi, kwani bei hulinganishwa na nyumba za jirani.

Kazi ianze kwa kuhamisha dagaa, wiki kadhaa kabla, maana harufu hukaa kwenye mbao za rafu. Masizi yasuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, ukuta ukauke, ndipo chokaa ipakwe. Wanaopaka juu ya masizi huona doa la manjano likirudi. Matundu ya moshi yaliyozibwa kwa viroba yafunguliwe. Pawepo pia nafasi ya mtungi wa gesi: mkakati wa serikali wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mnunuzi kijana ataulizia.

Jambo moja lisipakwe rangi. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2020 na 2021, maji yaliingia maeneo ya ufukweni. Kama yalifika jikoni kwako, onyesha alama na useme yaliishia wapi. Mnunuzi atamwuliza jirani tu, na akigundua umeficha, hataamini hata hati yako.

Kuhusu wakati, fuateni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika, nao wana fedha za giza lililopita na nafasi ya kutazama nyumba. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi kama hiyo mzunguko wa fedha mwaloni hulala, lakini ni kiangazi na chokaa hukauka upesi. Ifanyeni ya ukarabati, si ya kuuza.

Na kabla dalali hajaitwa, mama mwenye jiko aulizwe. Ndiye ajuaye bati linalovuja, na Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake. Wapo waliopaka chokaa, wakapokea na malipo ya awali, kisha wakalazimika kuyarudisha kwa sababu hawakumshirikisha.