Somo la Kiingereza: Neno "Support" na Mzigo Ulio Juu Yake

Mtu apitaye Kipevu, katika bara la Mombasa upande wa Changamwe, huona kila mahali vitu vizito vilivyochukuliwa na vingine. Makontena yamepangwa juu ya gati. Mabomba yamelazwa juu ya nguzo fupi. Na majini iko gati ya mafuta iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye nafasi ya meli nne. Kazi ya kila kitu kinachokaa chini ili cha juu kisianguke, Waingereza huieleza kwa neno moja, nalo ni "support". Wengi wetu twalijua neno hili, lakini twalijua nusu, na nusu hiyo yaweza kumponza mtu.

Tuchukue mfano. Kwenye jukwaa la mbao limebandikwa tangazo: "This platform will not support more than ten men." Mfanyakazi aliyefundishwa kwamba "support" ni kuunga mkono tu, kama wapiga kura wamuungavyo mkono mgombea wao, atalicheka tangazo hilo badala ya kuonyeka. Jukwaa lina mkono gani wa kumwunga mtu? Kumbe maana yake ni kwamba jukwaa halitahimili uzito wa watu zaidi ya kumi. Wa kumi na moja akipanda, yeye na wenziwe wote wamo hatarini.

Basi yafaa tulifuate neno hili mpaka kwenye mzizi wake. Asili yake ni Kilatini, nalo liliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa katika karne ya 14. Limejengwa kwa vipande viwili: "sub", yaani chini, na "portare", yaani kuchukua mzigo. Herufi b iligeuka kuwa p kwa sababu ya p iliyo jirani yake, ili ulimi upate wepesi. Kwa hiyo maana ya kwanza ya "support" ni kuchukua kutoka chini.

Mzizi huo umezaa watoto wengi, na wengi wao wamo bandarini. "Export" ni kuchukua bidhaa kuzipeleka nje. "Import" ni kuzileta ndani. "Transport" ni kuzichukua kutoka mahali hata mahali pengine, na "porter" ni mchukuzi. Lakini "port", yaani bandari, limetoka katika neno jingine la Kilatini, "portus", ambalo kwa "portare" ni jamaa wa mbali, si ndugu wa tumbo moja.

Lugha yetu nayo imepita njia iyo hiyo. Katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuchukua mzigo tumepata "himili", tukapata "mhimili", tukapata na "hamali". Kama "porter" na "support" walivyo ndugu, ndivyo hamali na mhimili walivyo ndugu. Tena twasema mtu amehimili mzigo, na twasema amehimili taabu. Wafaransa nao hata leo hulitumia neno lao kwa maana ya kuvumilia.

Katika kutafsiri, neno hili moja hudai maneno mengi ya Kiswahili, kwa kadiri ya mzigo ulivyo. Nguzo huhimili daraja. Mti huutegemeza mgomba uliolemewa na mkungu. Mzazi huwakimu watoto wake. Wananchi huunga mkono shauri, na ushahidi huitilia nguvu hoja.

Habari moja ya Mombasa yaonyesha maana hizi kwa pamoja. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, wakiwamo wa bandari na wa reli. Walilalamika kwamba maisha yamepanda na mishahara haitoshi kukimu jamaa zao: hiyo ni "support". Watu wa kazi mbalimbali waliungana mkono: hiyo pia ni "support". Na kazi ya bandari ilipokoma, kila mtu aliona maana ile ya kwanza: biashara ya mji ilikuwa imechukuliwa na mabega ya watu walio chini.

Kwa hiyo, msomaji, kila ukutanapo na neno hili jiulize mambo mawili: mzigo ni upi, na ni nini au nani aliye chini yake? Ukishajibu, neno la Kiswahili litakuja lenyewe.

Zoezi. Tafsiri sentensi hizi kwa Kiswahili, wala usitumie neno moja mara mbili:
1. Strong pillars support the roof.
2. She supports her old mother.
3. We support the plan.
4. These figures support what he said.