Askari wa Akiba na Mpaka wa Mlima Elgon

Atokaye Kitale kwenda Uganda hupita Suam. Wa Bungoma hupita Lwakhakha. Ng'ambo ya mpaka wako ndugu zetu, kwa hiyo yafaa tujue kazi ya kila mlinzi.

Kukagua pasi mpakani ni kazi ya afisa wa uhamiaji. Askari wa akiba wa polisi, ambao kikosi chao kilianzishwa mwaka 1948, ni watu wa kujitolea. Kwa sheria ya mwaka 2011 huwasaidia polisi kulinda amani, maisha na mali. Jeshi ni jambo jingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 241, yataka Bunge la Taifa likubali kwanza ndipo jeshi lipelekwe kutuliza ghasia nchini.

Umuhimu wa sharti hilo waonekana katika mambo ya Machi 2008, jeshi lilipopelekwa Mlima Elgon kuwakomesha wanamgambo wa SLDF. Wanamgambo walishindwa, lakini Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliandika habari za raia walioteswa. Bunduki haipambanui mwenye hatia na asiye nayo. Sheria ndiyo ipambanuayo.

Basi, umwonapo mgeni wa mashaka, mpelekee habari chifu au polisi, wala usimhukumu mwenyewe.